Unasafiri sikukuu: ruta uichomoe au uiache inawaka?

Usiku wa kuamkia safari nyumba inakuwa na shughuli yake. Mikoba imeshafungwa, tiketi za boti zimewekwa chini ya kitambaa cha televisheni zisipotee, samaki waliobaki kwenye friji wamepelekwa kwa jirani. Halafu mtu mmoja anapita chumba kwa chumba akizima na kuchomoa. Kwetu kazi hiyo ni yangu. Tulikuwa tunakwenda Wete, Pemba, kwa sikukuu, mwezi wa Aprili, mvua za masika zimeshaanza kupiga bati usiku. Nilizima mafeni, nikachomoa televisheni, nikafika kwenye ruta iliyoko juu ya kabati la sebuleni. Mkono umeshagusa plagi, mtoto wa kaka yangu akanizuia.

"Ami, hiyo usiizime."

"Kwa nini?"

"Spidi itashuka. Nimesoma. Ukiizima siku nyingi, huko kwenye mitambo wanaona laini yako mbovu, wanakupunguzia."

Mke wangu akaitikia kutoka chumbani: "Iache bwana. Vitu hivi kila ukivizima na kuviwasha ndio vinakufa."

Mama yangu alikuwa kwenye mkeka anapanga nguo za wajukuu. Hakuinua kichwa. "Chomoeni kila kitu. Radi haichagui."

Wawili kwa mmoja. Niliiacha ikiwaka, na yaliyotokea nitayaeleza mbele. Tangu safari ile nimeulizwa swali hili na ndugu na majirani, na kila mara naona tunalijibu vibaya kwa sababu tunachanganya mambo ambayo kila moja lina jibu lake: spidi ya laini, umri wa kifaa, umeme unaoingia nyumbani, na usalama. Lile la spidi ndilo linalotajwa kuliko yote, na kwa nyumba nyingi za Unguja na Pemba leo ndilo lisilotuhusu kabisa.

Hadithi ya spidi ilikotoka

Kijana hakutunga. Nasaha ile ipo, na ina asili ya kweli, ila asili yake ni nyaya za shaba.

Katika nchi kama Uingereza, nyumba nyingi zilipata intaneti kupitia waya ule ule wa simu ya mezani, yaani nyuzi mbili za shaba zilizosokotwa kutoka kituo cha simu hadi mlangoni. Waya ule ulitengenezwa upitishe sauti ya mtu, basi. Ili ubebe mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa, modemu ya nyumbani na mtambo wa upande wa pili huanza kwa kupatana. Wanapima kelele zilizomo ndani ya waya, kisha wanachagua kasi ambayo waya unaiweza. Kelele zikizidi, mawasiliano yanakatika, wanaanza kupatana upya.

Upande wa kampuni kuna programu inayohesabu mikatiko hiyo. Openreach, kampuni inayomiliki sehemu kubwa ya nyaya za simu za Uingereza, inatumia programu ya namna hiyo. Ikiona laini inakatika mara nyingi ndani ya siku, inaamua kwamba kasi ile waya hauiwezi, na inaiteremsha ili laini itulie. Kwa hiyo mtu anayezima na kuwasha ruta yake mara kumi kwa siku, akidhani anaitibu, anaweza kuifanya programu iamini kwamba waya wake ni mbovu. Kasi inashuka, na huchukua siku kadhaa kurudi.

Hapo ndipo nasaha ya "usizime ruta" ilipozaliwa, na pahala pake ni sahihi. Lakini wiki mbili za kimya ni mkatiko mmoja tu. Programu haihesabu siku ulizokuwa kimya, inahesabu mara ulizokatika. Tena modemu nyingi za shaba, umeme unapoondoka, hutumia chembe ya umeme iliyobaki ndani yake kupeleka ujumbe mfupi kituoni: nimekosa umeme, waya hauna kosa. Wahandisi wameupa ujumbe huo jina la pumzi ya mwisho. Kwa hiyo hata huko ilikotoka nasaha yenyewe, anayezima mara moja na kwenda likizo hana la kuogopa.

Hapa kwetu pia shaba ya simu ya mezani iliwahi kubeba intaneti, na huenda zipo ofisi zilizobaki nayo. Nyumba za kawaida zimeshahamia kwingine. Ndiyo maana, kabla ya kumjibu mtu, mimi humuuliza kwanza: intaneti inaingia kwako kwa njia gani? Kwa shaba, kwa kioo, au kwa hewa?

Kioo na hewa

Kioo ni faiba. Ule waya mwembamba, mara nyingi mweupe, mweusi au wa manjano, unaotoka nguzoni, unapita chini ya dari na kuishia kwenye kisanduku cha ukutani, ndani yake mna uzi wa kioo. Kiini chake ambamo mwanga unapita ni kama mikromita 9. Unywele wa mtu ni mnene mara saba au nane kuliko hapo. Uzi mmoja kutoka kituoni unagawanywa njiani kwa nyumba nyingi, 32 au 64 kwa mfano, na ili nyumba hizo zisigombane, kituo kinaipa kila moja zamu yake ya kupeleka mwanga. Kisanduku chako hakisemi mpaka kiambiwe sema.

Ukikizima, zamu yako wanapewa wengine. Ukikiwasha, kituo kinakitambua kwa namba yake, kinapima upya umbali wa uzi, kinakirudishia zamu. Shughuli yote hiyo inamalizika ndani ya dakika chache. Kasi unayopata ni ile iliyoandikwa kwenye akaunti yako kwa kadiri unavyolipa, na haiandikwi upya kwa sababu ulikwenda Wete kula sikukuu.

Hewa ni ile ruta ya kadi ya simu. Hii ni simu isiyo na kioo cha kutazama. Ukiizima, mnara unaisahau. Ukiiwasha, inajitambulisha tena kama simu yako inavyofanya ukishuka kwenye ndege. Kasi yake inategemea umbali wa mnara, kuta za nyumba, na watu wangapi wanautumia mnara huo saa hiyo. Ukirudi safari ukaikuta nzito, sababu itafute humo.

Basi nikamwambia kijana wangu, baada ya kujifunza haya, kwamba alisoma jambo la kweli la watu wengine. Sisi tuna faiba.

Umeme ndio habari yenyewe

Turudi kwenye safari. Tulikaa Pemba siku tisa. Tuliporudi, nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya plastiki iliyoungua, hafifu lakini ya uhakika. Taa za ruta zote zimezima. Nilibadilisha soketi, hola. Nilipoishika adapta nikaona upande mmoja umebadilika rangi, umekuwa kama chai ya maziwa.

Nilimpelekea fundi wa vifaa vya umeme Darajani. Aliipasua kwa bisibisi, akaigeuza kwenye kiganja, akanionesha. Kati ya vipande vyote vilivyomo mna kimoja cha umbo la mkebe mdogo, ukubwa wa ncha ya kidole cha shahada, kimevaa ngozi nyeusi. Ile ni kapasita. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Cha kwangu kilikuwa kimevimba kama andazi, na pembeni yake pana alama ya kahawia ya maji yaliyokauka. Ubavuni imeandikwa 400V.

"Soma hapa," akaniambia. "Hii mwisho wake mia nne."

Nikamuuliza mia nne zinatoka wapi, na umeme wetu ni 230. Alinieleza vizuri, na maelezo yake ndiyo kiini cha makala hii. Ile 230 inayotajwa ni kama wastani wa mawimbi. Kilele cha wimbi ni kikubwa zaidi. Umeme ukishaingia ndani ya adapta na kunyooshwa, kapasita ile inabeba kiasi cha volti 325. Bado iko salama, ina nafasi. Lakini ukutani pakija 300 badala ya 230, ndani inakaribia 425. Nafasi imekwisha. Inavimba, inatoa maji, inakufa, na pengine inakwenda na vilivyo jirani yake.

Na 300 ukutani zinatoka wapi? Hili jirani yangu ndiye aliyelitatua bila ya kujua. Alinambia siku ya pili ya sikukuu upepo ulivuma, kuti la mnazi likaangukia nyaya mtaani, taa zikawaka "kama jua" kwa muda mfupi, kisha kiza. Nyumba mbili ziliunguliwa na televisheni.

Umeme unatoka kwenye transfoma ya mtaa kwa nyaya tatu za moto na moja ya kurudia, ambayo mafundi huiita nyutro. Nyumba ya kawaida inapewa waya mmoja wa moto na nyutro, na baina ya hizo mbili pana volti 230. Baina ya waya wa moto na mwenziwe pana 400. Maadamu nyutro ipo, kila njia inakaa kwenye 230 yake. Nyutro ikikatika kwa kuti au tawi la mwembe, zile njia tatu zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe kupitia vifaa vya majumbani. Njia yenye mzigo mkubwa inashuka, feni zinazunguka kwa uvivu. Njia yenye mzigo mdogo inapanda, na inaweza kwenda mbali sana juu ya 230. Sasa fikiria mtaa ambao nusu ya watu wamefunga milango wamekwenda shamba au Pemba. Mzigo umepungua, na ndani ya nyumba zilizofungwa kinachowaka ni ruta peke yake.

Sisi tumezoea kuogopa umeme mdogo, na kwa friji tuna haki. Mota ya friji ikipata umeme mdogo inahangaika kuanza, inapata moto, inaungua. Ruta haina shida hiyo. Tazama adapta yako. Nyingi zimeandikwa 100 hadi 240. Hata ukutani pakishuka hadi 150, yenyewe inaendelea na kazi. Inachokiogopa ni umeme kupanda. Kwa hiyo yule anayesema "umeme ukiwa mdogo nitaizima, ukiwa mkubwa hakuna tabu" ameigeuza.

Kuna pia zile dakika za umeme kurudi. Visiwa vyetu vinategemea nyaya za chini ya bahari. Unguja imeunganishwa na Bara tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2013 ukaongezwa waya mkubwa wa megawati 100. Pemba ilikuwa ikiendeshwa na majenereta ya Wesha mpaka 2010, ilipopata waya wake kutoka Tanga. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ile miezi mitatu ya kiza, wanajua maana ya kutegemea njia moja. Hitilafu ikiwa ya njia kuu, umeme hauondoki kwa mtaa mmoja, unaondoka kwa eneo zima, na ukirudi unarudi kwa wote pamoja. Mafriji, mapampu ya maji na viyoyozi vyote vinataka kuanza dakika ile ile, na mota inapoanza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake. Volti inaanguka, inapanda, inayumba, mpaka itulie. Ukiwa nyumbani unachomoa, unasubiri dakika tano, unachomeka. Ukiwa Wete nani atachomoa?

Fundi aliniuzia adapta nyingine. Alinifundisha na namna ya kuichagua, nami naiandika hapa kwa sababu nimeona watu wakiua ruta nzima kwa adapta ya kuazima. Volti lazima zilingane sawasawa, 12 kwa 12, 9 kwa 9. Ampia zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Na kichwa cha kuchomekea kiwe na alama ile ile ya chanya katikati. Ruta yenyewe ilipona. Alipoifungua kuiangalia, alipangusa kwa burashi akatoa sisimizi na mayai yao, wameweka nyumba pale penye joto. Huo nao ni ugonjwa wa vifaa vinavyowaka ndani ya nyumba isiyo na watu; mijusi ya ukutani ndio wabaya zaidi, maana wanagusa pini mbili kwa mpigo.

Mama na radi yake

Mama alikuwa na haki, na haki yake inahitaji maelezo kidogo. Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga nguzo au mnazi ulio mbali, msukosuko wake unasafiri kwenye nyaya na kuingia majumbani. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Disemba, ndio misimu ya kuiogopa, na sikukuu zetu huzunguka mwaka mzima, kila mwaka zikirudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Zikiangukia masika, safari na radi zinakutana.

Faiba ina faida moja kubwa hapa: kioo hakipitishi umeme. Radi inayokuja kwa njia ya laini ya intaneti, iliyokuwa ikiua modemu za shaba, haipiti kwenye kioo chenyewe. Inabaki njia ya umeme wa ukutani. Na njia nyingine ambayo watu wanaisahau, nayo ni waya wa kamera. Kamera iliyoning'inizwa kwenye ukuta wa nje au juu ya nguzo ya geti, ikiwa imeunganishwa na ruta kwa waya wa mtandao, ni waya wa shaba uliotoka nje ukaingia mpaka ndani ya ruta yako. Antena ya ruta ya kadi iliyopandishwa juu ya bati nayo ni vivyo hivyo.

Kuzima kwa swichi ya soketi hakutoshi. Soketi zetu ni zile za pini tatu za Kiingereza, na swichi yake kwa kawaida inakata waya wa moto tu. Nyutro inabaki imeunganishwa. Tena pengo la ndani ya swichi ni la milimita chache, na radi iliyoruka kutoka mawinguni haisumbuliwi na milimita chache. Fyuzi ya ndani ya plagi pia haikingi radi, kwani inahitaji muda wa kupata moto na kuyeyuka, na radi imeshapita. Stabilaiza inarekebisha volti zinazopanda na kushuka polepole. Radi ni habari nyingine. Zile ekstensheni zilizoandikwa kwamba zinakinga msukosuko wa umeme zina kipande ndani kinachojitoa mhanga kidogo kidogo, na ya miaka mitano huenda imeshakwisha kazi hata kama taa yake inawaka. Plagi iliyotolewa ukutani ikalazwa juu ya meza haina njia ya kupitishia kitu.

Na uchakavu aliousema mke wangu? Kuwasha na kuzima kunachosha kifaa kwa kiasi, kwa sababu vipande vinapata joto na kupoa, vinatanuka na kunywea. Kwa mara moja katika wiki mbili, athari hiyo ni ndogo mno. Umeme wenyewe unatuzimia mara nyingi zaidi ya hapo. Joto la kudumu ndilo linalokula kapasita: wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila digrii 10 zikiongezeka, umri wake unapungua nusu. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi digrii 40. Nyumba ya bati, madirisha yamefungwa, kaskazi ya Januari, feni imezimwa, ndani panaweza kupita hapo mchana. Kuiacha ruta humo wiki mbili ni kuichosha bila ya kumhudumia mtu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naikubali. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, hasa kwa wanaokaa karibu na pwani, na kifaa kinachowaka hujikausha chenyewe kwa joto lake. Kikiwa baridi, unyevu unakaa kwenye pini. Ndiyo maana ukirudi fungua madirisha kwanza, acha nyumba ipumue nusu saa, kisha chomeka. Na usiiache ruta sakafuni au imeegemea ukuta unaovuja.

Wanaotaka kuzima ili waokoe uniti za Tukuza, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, wafanye hesabu hii. Ruta ya kawaida inakula kama wati 8. Kwa saa 24 ni wati-saa 192, kwa siku 14 ni uniti 2.7 hivi. Pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti hizo kwa chini ya saa tatu. Kanzu na mabaibui ya sikukuu ya nyumba yenye watu wengi hayako mbali na hapo. Akiba ipo, lakini isiwe ndiyo sababu yako.

Usalama wa mtandao nao unaelekea upande wa kuchomoa. Novemba 2016 kiasi cha ruta 900,000 za wateja wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani ziliondoka hewani kwa sababu ya jaribio la kuzivamia kupitia intaneti. Mei 2018 FBI ya Marekani iliwataka watu wazime na kuwasha ruta zao baada ya kugundulika kirusi cha VPNFilter, kilichokuwa kimeshaingia kwenye ruta na vifaa vya aina hiyo visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Ruta iliyozimwa haivamiwi. Inakosa masasisho yake kwa siku hizo, lakini itayachukua ukirudi.

Nani asizime

Mwenye mtu anayebaki nyumbani, asizime. Hili linaonekana dogo, lakini nimeona familia ikisafiri na kumwachia bibi nyumba, ruta imechomolewa, na mtoto aliyeko Muscat anapiga simu ya video siku tatu haipokelewi, roho juu.

Mwenye kamera anayoitazama kwa simu akiwa mbali, naye ana uamuzi mgumu zaidi. Kamera nyingi zinaendelea kurekodi kwenye kadi au kwenye kisanduku chake hata bila ya intaneti. Unachopoteza ni kuona hapo hapo na kupata taarifa mtu akipita. Kama hicho ndicho unachokitaka, iache ruta, lakini chomoa kila kisichohusika, na uweke baina yake na ukuta kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukizidi na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuupitisha tena. Uniti za Tukuza zitie za kutosha, zihesabu na friji kama umeliacha, maana uniti zikimalizika siku ya nne, kamera, ruta na samaki wa kwenye friji vyote vinakwenda pamoja. Mpe jirani ufunguo kama una jirani wa kumpa.

Kwa anayechomoa, yapo mawili ya kuangalia. La kwanza, chomoa umeme, usichomoe uzi wa faiba. Kile kichwa cha kijani ukikitoa, vumbi linaingia, na kwa njia ya mwanga yenye upana wa mikromita 9 chembe moja tu inatosha kukupa laini mbovu. Usiukunje uzi ili uonekane nadhifu, na usichungulie ndani ya kichwa chake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini upo. Kama una visanduku viwili, cha faiba na cha waifai, vyote viwili vina adapta zao, chomoa zote.

La pili, usiguse kile kitundu cha pini nyuma ya ruta. Kuzima na kurisiti ni mambo mawili. Kurisiti kunafuta jina la akaunti, neno la siri na mipangilio aliyoiweka fundi, na hapo ndipo zinapotoka hadithi nyingi za "niliizima, niliporudi haikushika tena". Watu walirisiti, wakadhani wamezima.

Siku ya kurudi, chomeka na uiache. Taa iliyoandikwa PON, ile ya laini ya faiba, itapepesa, kisha itatulia. Dakika tano zikipita na taa ya LOS inawaka nyekundu, mwanga haufiki, uzi umekatika au umebanwa mahali. Kuzima na kuwasha mara ishirini hakutaunga kioo, piga simu kwa mtoa huduma. PON ikiwa imetulia lakini intaneti haipo, tazama kwanza kifurushi.

Kifurushi hakijui kama umezima. Siku zake zinahesabiwa ukiwa nyumbani Mpendae, ukiwa Wete, ruta ikiwaka au imelala juu ya meza. Kama chako kinamalizika katikati ya safari, usikilipie kabla ya kuondoka kwa kuogopa kukosa. Kiache kiishe, ulipe ukiwa ndani ya boti ya kurudi, bandari ya Malindi, Unguja, inaonekana.